Ugonjwa Uliozaliwa Mezani Kwangu

Sehemu ya Saba

Kwa ambaye gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nikumegee kidogo. Ghala la mahindi la huko Mpemba lilishanifukuza. Mke wangu Atuganile alikuwa amefunga nguo zake na kurudi kwao Ibaba, akisema amechoka kuishi na mwanaume ambaye kazi hazimkai mikononi. Nami, Raphaeli wa Itaka, nilikuwa nimepata kazi kwenye kituo cha afya cha mtu binafsi hapo Tunduma, kwa kudanganya kwamba nimesomea kutunza kumbukumbu za wagonjwa.

Sikuwa nimesomea. Nilichowahi kutunza maishani ni magunia.

Huo ulikuwa mwaka 2013. Kituo sikitaji jina, sitaki ugomvi mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Daktari akishamwona mgonjwa, anaandika kwenye faili kwamba anaumwa nini. Mgonjwa analeta faili dirishani kwangu. Kila ugonjwa duniani una namba yake, na namba hizo zimo kwenye kitabu kimoja kinene. Mimi natafuta namba, naiandika juu ya faili. Bila namba, bima hawaelewi na ripoti ya mwezi haiendi wilayani. Tena pale kwetu namba ndiyo iliyoamua mgonjwa aelekee wapi. Ugonjwa mwepesi, dirisha la dawa. Mzito, kwa Sista Edina, muuguzi mkuu, akatafutiwe kitanda.

Rahisi, eti?

Shida ilikuwa mwandiko wa Daktari Makene. Ulifanana na siafu waliomwagiwa mafuta ya taa. Siku ya pili nilimpelekea faili.

"Samahani, daktari, hapa umeandika nini?"

Akanitazama juu ya miwani. "Umesomea wapi wewe?"

"Mbeya."

"Na huko Mbeya hawakukufundisha kusoma?"

Nikarudi mezani. Nikafungua kitabu popote pale. Kidole kikatua kwenye M79.1. Maumivu ya misuli.

Nikajiuliza: hapa Tunduma ni nani asiye na maumivu ya misuli? Wapakuzi wa malori wanayo. Madereva waliokaa siku nne kwenye foleni ya mpaka wanayo. Kina mama wa ndoo wanayo. Hata mimi niliyekuwa nakaa kutwa kwenye kiti kibovu, shingo ilikuwa inanivuta.

Nikaandika M79.1. Hakuna aliyelalamika.

Nimeahidi kusema kila kitu, basi nasema. Faili nililoweza kulisoma nililipa namba yake. Nisiloweza, misuli. Jino, misuli. Mimba, misuli. Mzee mmoja wa Nakonde alikuja na mdudu sikioni, naye akavuka mpaka kurudi kwao akiwa mgonjwa wa misuli.

Mwezi wa tatu mkono wenyewe ukaanza kuniuma kwa kuandika. Nikaenda kwa fundi mihuri karibu na stendi, akanichongea muhuri wa mpira: M79.1. Nikanunua na wino mwekundu. Kuanzia siku hiyo ikawa pa, pa, pa, saa sita mchana meza yangu nyeupe.

Sista Edina alinisifu mbele ya wenzangu kwa kasi.

Kisha akaja mtu wa takwimu kutoka wilayani, Bwana Jairo. Niliitwa ofisini kwa Sista. Nilipoona ripoti zangu zimetandazwa mezani, nikajua nimekwisha. Nilianza kufikiria nauli ya Itaka.

"Wewe ndiye Raphaeli?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Umeandika wagonjwa mia nne na kumi wa maumivu ya misuli ndani ya miezi mitatu."

"Ndiyo, mheshimiwa." Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Vituo vingine vyote havijaona kitu! Wamelala!" Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kijana, umegundua mlipuko."

Sista Edina akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyefaulu.

Pale ndipo palikuwa pa kusema ukweli. Watu watatu tu chumbani, hakuna aliyeumia. Nikafungua mdomo, nikasikia ukisema:

"Nilianza kushuku tangu mwezi wa pili."

Kesho yake tukaingia mitaani kuwatafuta wagonjwa, Bwana Jairo mbele na daftari, mimi nyuma na orodha. Wa kwanza alikuwa Ruti, muuza samaki wa Mpemba.

"Misuli?" alisema. "Mimi nilikuja na jino." Akafungua mdomo wote, akatuonyesha pengo.

Bwana Jairo akanigeukia.

"Mgonjwa anaweza kusahau," nikasema.

Macho yakamtoka. Akaandika huku akitamka: "Dalili ya pili. Kusahau."

Wa pili, dada mmoja anaitwa Marita, alicheka mpaka akashika ukuta. "Msuli wenyewe huyu hapa," akatuinulia kichanga cha wiki mbili.

Bwana Jairo akaandika kwamba ugonjwa hauwaachi hata wajawazito.

Wa tatu alitufukuza na ufagio. Dalili ya tatu ikawa hasira.

Wiki hiyo redio ikatangaza. Sikusikia mwenyewe, niliamshwa na simu. Mpigaji alikuwa Atuganile, ambaye kwa miezi saba hakuwa amepokea hata salamu yangu.

"Baba Ketrina, nimekusikia redioni."

"Umesikia nini?"

"Wamekutaja kwamba umegundua ugonjwa. Baba amewaita majirani wote wasikilize. Kumbe una akili, mume wangu. Tukishavuna maharage narudi na mtoto."

Msomaji, mwanaume wa namna gani angemjibu mke wa hivyo kwamba ni muhuri tu?

Baada ya redio, Tunduma nzima ikaanza kuumwa misuli. Wengine walisema ni unga wa kutoka ng'ambo. Wengine, nyama ya nguruwe. Wengine, mnara wa simu. Watu walijipanga kuanzia saa kumi na mbili asubuhi wakishika viuno, mapaja, shingo. Hawa sasa walikuwa na M79.1 ya kweli, au angalau walidhani hivyo. Nilijiona kama mtu aliyetabiri mvua kwa kumwaga maji, na ikanyesha.

Daktari Makene alikuwa anaona wagonjwa mia kwa siku. Mafaili yalinijia kwa mafungu. Mwanzoni nilikuwa bado nafungua ndani. Baadaye nikaona ni kupoteza muda. Nikawa napiga muhuri mafaili yakiwa yamefungwa.

Jumanne moja, mchana, akasimama dirishani mama mmoja mfugaji, vumbi la Momba hadi kwenye kope. Jina lake Stamili. Pembeni yake mumewe, Ngusa, mwanaume mrefu, ameegemea ukuta, mguu mmoja umefungwa kitambaa.

"Daktari," alisema. Wengi waliniita hivyo, sikuwa nawasahihisha. "Baba Luhaga hali chakula. Mdomo haufunguki. Shingo imekuwa ngumu. Alikanyaga msumari zizini, wiki mbili sasa."

Nilimsikia kama unavyosikia redio ya jirani. Nilipokea faili. Pa.

"Dirisha la dawa, mama. Pale kwenye watu wengi."

"Yule daktari wa ndani alisema kitanda."

"Kitanda ni kwa wagonjwa mahututi. Hii ni misuli. Mnapewa vidonge, mnapumzika nyumbani."

Ngusa alinitazama. Akanitabasamia, tabasamu pana la meno yote. Nami nikamtabasamia.

Saa tisa alasiri Daktari Makene akatoka chumbani kwake anajinyoosha mgongo.

"Sista, yule mfugaji mmemlaza chumba gani?"

"Mfugaji yupi?"

"Wa Momba. Wa pepopunda."

"Mimi sijaletewa mfugaji."

Wote wawili wakanigeukia. Mikono yangu ilikuwa tayari ndani ya fungu la mafaili. Nikalipata. Nikalifungua kwa mara ya kwanza.

Yule daktari ambaye kwa miezi yote hiyo hakuwahi kuandika neno likasomeka, siku hiyo alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama ubao wa darasa la kwanza: PEPOPUNDA. ALAZWE SASA HIVI. CHUMBA CHENYE GIZA, KIMYA.

Na juu ya jalada, muhuri wangu, mwekundu, umenyooka vizuri.

"Alikuwa na hali gani?" Sista aliuliza.

"Nzuri tu. Alikuwa anatabasamu."

Sista Edina, mtu wa kanisa ambaye sijawahi kumsikia akimtukana hata mbuzi, alinitukana. Kisha akasema taratibu: "Lile si tabasamu, Raphaeli. Ni uso unavutwa na ugonjwa. Misuli inakaza."

Misuli. Kati ya mafaili yote yale, hilo ndilo lililokuwa na misuli kweli.

Sikukimbia kwa ushujaa, usinifikirie hivyo. Nilikimbia kwa sababu sikuweza kubaki pale nikitazamwa. Nikadandia bodaboda hadi wanapopakia magari ya Momba. Gari lilikuwa limeondoka nusu saa iliyopita.

"Lifuate," nikamwambia kijana wa pikipiki.

"Vumbi lile, bosi?"

"Lifuate."

Tulilikuta limesimama kwenye mteremko. Abiria walikuwa wamelazimisha dereva asimame. Ngusa alikuwa chini, kando ya barabara, amekunjika mgongo kama upinde, visigino na kisogo tu ndivyo vinagusa ardhi. Watu wamemzunguka. Mmoja alikuwa anakemea pepo kwa sauti ya mkutano wa hadhara, na kila alipopaza sauti, mwili wa Ngusa ulikaza zaidi.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele, kisha nikashusha sauti. "Nyamazeni. Kelele zinamuumiza."

"Wewe nani?" mkemeaji aliuliza.

Stamili, aliyekuwa amempakata mumewe kichwa, akainua uso. Alipoona ni mimi akaanza kulia.

"Ni daktari," akawaambia. "Ametufuata. Mwacheni, ni daktari wetu."

Wakanitii. Dereva akageuza gari. Tulirudi Tunduma polepole, macho ya mgonjwa yamefunikwa khanga, watu wazima zaidi ya ishirini bila mmoja kukohoa.

Akalazwa kwenye chumba cha mwisho, madirisha yamezibwa mablanketi. Dawa ya kuua sumu ikaletwa kutoka Mbeya. Nilisimama kwenye korido nikisubiri Daktari Makene anitoe nje kwa shati. Akanivuta kweli kwa shati, lakini hadi chumba cha kufungia vidonda, akafunga mlango.

"Nani mwingine ameona lile faili?"

"Sista tu."

"Sista nimeshaongea naye, anasema yeye ataombea, hatasema." Akavua miwani. Bila miwani alionekana mdogo kuliko mimi. "Nilimwacha mgonjwa wa pepopunda atembee na faili lake mwenyewe, Raphaeli. Nilikuwa nimechoka. Nikiulizwa, nitajibu nini?"

Sikuamini. Mtu niliyemwogopa alikuwa ananiogopa.

"Tutamtibu kama inavyotakiwa," akasema. "Ila kwenye karatasi, iache iwe misuli."

Na Bwana Jairo? Bwana Jairo alipoliona jalada la faili, hata hakulifungua, aliruka kwa furaha. "Mgonjwa mahututi wa kwanza wa mlipuko wetu! Na muhuri upo, tangu siku ile ile!" Akaandikia Mbeya wataalamu waje haraka.

Nikamfikiria Atuganile na maharage yake. Nikakubali. Hivyo Ngusa akawa anatibiwa ugonjwa mmoja na kuandikwa mwingine, na sote tukawa tunatembea kwa vidole kwenye korido ile, wengine kwa ajili ya mgonjwa, wengine kwa ajili yetu wenyewe.

Kilichonivunja si hofu. Ni maziwa.

Ndugu zake Stamili walikuwa wanamletea maziwa ya mgando kutoka Momba, kwenye kibuyu. Kila asubuhi, kabla yeye mwenyewe hajaonja, ananimiminia kikombe.

"Kunywa, daktari. Usingetufuata siku ile, mimi leo ningekuwa mjane."

Nikanywa siku ya kwanza. Nikanywa ya pili. Anawaambia wagonjwa wengine, "Huyu ndiye aliyetukimbilia na pikipiki." Wananiamkia. Siku ya nane nilishika kikombe, sikukifikisha mdomoni.

"Mama Luhaga," nikasema. "Mimi si daktari."

"Najua. Wameniambia, ni karani. Kwangu ni daktari."

"Si hilo tu." Nikaenda nikalichukua faili, nikarudi, nikaliweka mapajani mwake. Akalitazama, akanirudishia.

"Sijui kusoma. Nisomee."

Basi pale kwenye benchi la korido, nikafanya kazi niliyokuwa nimeajiriwa kuifanya. Nilisoma. Neno kwa neno, jinsi lilivyoandikwa.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Maneno hayo daktari wa ndani aliandika lini?"

"Kabla hamjafika dirishani kwangu."

Akaweka kidole juu ya muhuri. "Na hii nyekundu?"

"Hiyo ni mimi."

"Uliyasoma yale, ndipo ukaweka hii?"

"Sikuyasoma."

"Nilikwambia msumari."

"Ulinambia."

"Nilikwambia shingo. Nilikwambia mdomo."

"Ulinambia, mama."

Nilitegemea kofi. Nilitegemea awaite shemeji zake, wanaume sita waliokuwa wamekaa nje na fimbo zao za ng'ombe. Badala yake akachukua kikombe mkononi mwangu, akarudisha maziwa kwenye kibuyu, akafunika.

"Njoo."

Akaniingiza chumba cha mwisho, akanionyesha kiti kilichokuwa kando ya kitanda.

"Nimekaa hapa siku nane," alinong'ona. "Sasa utakaa wewe. Akiweza kusema, utamweleza yeye. Mimi siwezi kukusamehe wala kukufunga kwa niaba ya mtu ambaye yuko hai."

Nikakaa. Asubuhi kabla ya kazi, na baada ya kazi. Mle ndani huruhusiwi kuongea, huruhusiwi kuwasha taa. Unamtazama mtu mmoja tu. Nilijifunza jinsi anavyopumua. Nilijifunza kwamba mlango ukigongwa, maumivu yanampitia kuanzia taya hadi vidole vya miguu, na hawezi hata kulia. Miezi ile yote nilikuwa nimepitisha mamia ya watu dirishani, na huyu ndiye mgonjwa wa kwanza niliyemwona.

Muhuri niliutumbukiza chooni siku ya kumi. Wataalamu wa Mbeya waliahirisha safari mara mbili kwa ajili ya matairi. Atuganile akapiga simu kwamba maharage yamekauka vizuri.

Siku ya kumi na tisa, Alhamisi, saa nane mchana, taya la Ngusa liliachia.

Sista Edina alikuwa anamlowanisha midomo kwa pamba, akaona ulimi. Akamwita Stamili kwa mkono. Wakampa maji kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Akameza. Kisha akageuza macho, taratibu, mpaka yakanifikia.

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku kumi na moja. Yote yalinitoka. Nikasema yaliyobaki, kwa sauti ya chini: kwamba ni mimi niliyepiga muhuri bila kufungua, kwamba hakuna mlipuko ambao wataalamu wa Mbeya wanakuja kuutazama, kwamba Tunduma hakuna ugonjwa wa misuli zaidi ya uvivu wangu. Stamili alimtafsiria kwa Kisukuma, sentensi moja moja, hakunipunguzia hata moja.

Sista Edina alisimama na kijiko mkononi, hakunizuia.

Ngusa akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza, sentensi tatu. Ya mwisho ilikuwa fupi sana.

Stamili akajiziba mdomo.

"Amesema nini?" nikauliza.

Nje tukasikia magari yanaingia, milango inafungwa, na Bwana Jairo akiwakaribisha wataalamu kwa sauti ya mtu mwenye harusi: karibuni, karibuni, mgonjwa wetu yuko huku.

"Mama Luhaga. Amesema nini?"

Akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akafuta uso kwa viganja.

"Amesema wakifika hao wakubwa niwaite waingie, na wewe usitoke humu," alisema. "Hayo mengine atawaambia mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kutafsiri."

Akafungua mlango, akaenda kuwaita.